Sasa Yetu Imekuwa Nyembamba



Jumapili moja baada ya Ibada, mama mmoja kijana alinisubiri chini ya mwembe ulio nje ya kanisa letu. Nilimfundisha alipokuwa darasa la tatu, na mama yake pia nilimfundisha, kwa hiyo hana haya ya kuniuliza neno lo lote. Aliniamkia, nikaitikia, kisha akaniambia hivi: "Mwalimu, mimi nina mume mwema. Watoto wetu wawili ni wazima. Duka letu halijafungwa hata mwezi mmoja tangu tulipolifungua. Lakini usiku nikishika simu kwa nusu saa tu, nikiiweka chini naiona nyumba yangu imekuwa mbaya na mimi mwenyewe nimekuwa si kitu. Je, hii ni dhambi ya wivu, au ni ugonjwa?"

Nilimjibu haraka, kama walimu tufanyavyo tusipojua jibu. Nilimwambia amshukuru Mungu kwa vile alivyo navyo, na aache kutazama mambo ya watu. Akasema, "Ahsante, Mwalimu," akamshika mtoto wake mkono akaenda zake. Nilipofika nyumbani nilitambua kuwa sikumjibu. Ni kama mtoto amekuambia hajui kugawanya, nawe ukamwambia, "Gawanya vizuri." Basi haya ni majibu yangu ya pili. Amenipa ruhusa niyaandike, ila nisimtaje jina. Nayaandika humu gazetini kwa kuwa nina hakika si yeye peke yake mwenye swali hilo, na mmoja wa wenye swali hilo ni mimi.

Tuanze na maneno, maana hiyo ndiyo kazi niliyoizoea. Kutosheka hutoka katika kutosha: kibaba kimejaa, tumbo limeshiba. Ni neno la vipimo. Kuridhika ni neno la moyo; kwaweza kuja na kibaba hakijajaa, na kwaweza kukataa kuja na ghala limefurika. Tena tunalo neno kukinai, nalo lina pande mbili. Aliyekinai ni yule asiyekodolea macho cha mwenzake. Lakini twasema pia "nimekinai" juu ya chakula kilichozidi hata kikatuchosha. Nadhani yule mama alikuwa amekinai kwa maana hii ya pili, pasipo kuipata ile ya kwanza. Alilishwa picha mpaka zikamchosha, wala hakushiba.

Wazee wenzangu wana jibu lao jepesi. Husema, "Zamani tuliridhika, simu ndizo zilizotuharibu." Mimi nilikuwapo hiyo zamani. Nilitoka chuo cha ualimu nikaanza kazi mwaka 1981, katika shule ya kijijini, nikiwa na godoro moja na sanduku la bati. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka 1979 na nchi ilikuwa na uhaba wa kila kitu. Tulipanga foleni ya sukari, ya sabuni, ya viberiti. Tulikuwa walimu wanne, na mche mmoja wa sabuni tuliukata kwa uzi ili asije mmoja akapunjwa. Je, tuliridhika? Hata kidogo! Tulinung'unika asubuhi na jioni. Na mwenzetu mmoja alipoletewa redio ya kaseti na mjomba wake kutoka Mombasa, mimi usiku ule usingizi uliniruka. Wivu ulikuwapo tele. Waliokosekana ni watu wa kuwaonea. Kuridhika kwa asiyeona cho chote ni sawa na kiasi cha mtu asiye na pombe nyumbani. Hakujapimwa bado.

Wala hamu ya kujionyesha haikuanza na simu. Wa umri wangu watazikumbuka kadi za salamu. Ulinunua kadi, ukaandika majina ya wale unaowasalimu, ukaituma Redio Tanzania Dar es Salaam, halafu ukangoja majuma mengi, sikio limetegwa, ukitumaini kulisikia jina lako hewani. Mimi langu nililisikia mara moja tu. Nilitembea nalo kifuani mwaka mzima.

Basi kama wivu ni wa kale na kujionyesha ni kwa kale, kipya ni nini? Nimejitahidi kusoma kidogo juu ya jambo hili, nikisaidiwa na mjukuu wangu aliye chuoni. Mwaka 1954 mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Leon Festinger, aliandika kuwa mtu akikosa kipimo cha hakika cha kujipimia hujipima kwa watu wengine, na hasa kwa wale walio karibu na hali yake. Hilo twalijua bila kwenda Marekani. Hakuna muuza duka wa hapa kwetu anayekosa usingizi kwa sababu ya utajiri wa mfalme. Anayemnyima usingizi ni yule aliyekaa naye dawati moja. Na hapo ndipo simu ilipopita. Imewaleta mezani kwetu kila usiku wale wote tuliokaa nao dawati moja, popote walipo, wakiwa wamevaa nguo za harusi.

Tena vyombo hivi havikuumbika vyenyewe. Facebook ilianza mwaka 2004, na mwaka 2009 ikawekewa ile alama ya kidole gumba, yaani alama ya kupenda, ili kila picha iwe na hesabu yake. Mwaka 2006 fundi mmoja aitwaye Aza Raskin alibuni ukurasa usio na mwisho: wafunua kwa kidole nao waendelea kuja, kama mto. Baadaye huyo fundi mwenyewe alisema hadharani kuwa anajutia alichofanya. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, na gazeti letu hili lina ukurasa wa mwisho. Mtu akifika hapo huinua macho akakumbuka kuwa maharage yako motoni. Naye Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa Facebook, alikiri mwaka 2017 kuwa waliokuwa wakiijenga walijiuliza jinsi ya kuuchukua muda wa mtu na uangalifu wake kwa kadiri kubwa iwezekanavyo.

Kwa hiyo kwanza napenda kumwambia yule mama kuwa si yote yatokayo kwake. Upande wa pili wa kioo kile wako mafundi stadi, na wanalipwa vizuri. Mtu akivutwa kamba na watu kumi akaanguka, hatusemi miguu yake ni mibovu. Lakini nisiishie hapo, maana nikiishia hapo nitakuwa nimempa udhuru tu, na hakuniomba udhuru.

Wako washauri wengi siku hizi, hata humo humo simuni, wanaotuambia, "Ishi sasa! Sahau jana, usiwaze kesho, furahia dakika hii." Maneno hayo yana chembe ya kweli. Mwaka 2010 wataalamu wawili wa Chuo Kikuu cha Harvard, Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert, walichapisha utafiti wao juu ya watu 2,250. Waliwauliza kwa ghafula, katikati ya shughuli zao: wafanya nini, wawaza nini, wajisikiaje? Wakaona kuwa karibu asilimia 47 ya nyakati zile mawazo ya watu hayakuwapo katika lile walilokuwa wakilitenda. Na wale ambao mawazo yao yalikuwa kwingine kwa jumla hawakuwa na furaha kama wale waliokuwapo. Hata waliokuwa wakiota mambo mazuri hawakuwazidi. (Waliwauliza kwa njia ya simu. Nilicheka peke yangu nilipofika hapo.)

Lakini siamini kuwa dawa ni kuikata jana na kesho tukabaki na dakika. Nadhani ugonjwa wenyewe ndio huo. Simu haituondoi katika sasa. Inatupa sasa nyingi mno, moja baada ya nyingine, kila moja nyembamba kama wembe. Picha ya mtu uionayo katika stetasi ya WhatsApp, kwa utaratibu uliowekwa mwaka 2017, yafutika baada ya saa 24. Haina jana, wala haina kesho. Waona rafiki yako amesimama kando ya gari. Huoni mkopo wa jana wala tairi la kesho. Huyo dada uliyemwona ufukweni hukumwona akirudi nyumbani.

Padre John Mbiti wa Kenya, mwanachuoni na kasisi wa Kianglikana aliyefariki mwaka 2019, alitoa mwaka 1969 kitabu juu ya dini na falsafa za Kiafrika. Humo alichukua maneno mawili ya lugha yetu, Sasa na Zamani, akatundika juu yake hoja yake yote kuhusu wakati. Alieleza kuwa kwa Mwafrika wa jadi Sasa ni kama uwanja. Ndani yake mna yale yanayotendeka, na yale yatakayotokea karibuni, na pia yale yaliyopita ambayo watu walio hai bado wanayakumbuka. Hata marehemu, maadamu yuko mtu anayemkumbuka kwa jina, bado yumo katika Sasa pamoja nasi. Akisahauliwa na wote ndipo anapozama katika Zamani. Wataalamu wengi walimpinga, hasa aliposema kuwa wazo la wakati ujao wa mbali halikuwako. Hapo hata mimi nampinga, maana babu yangu alipanda minazi akiwa mzee wa kutembelea fimbo. Lakini juu ya upana wa Sasa nadhani aligusa jambo.

Mtakatifu Augustino, Mwafrika wa Kaskazini, Askofu wa Hippo katika nchi iitwayo leo Algeria, alifika karibu na hapo kwa njia nyingine, yapata miaka 1,600 iliyopita. Katika kitabu cha kumi na moja cha Maungamo yake alijiuliza wakati ni kitu gani, akaona kuwa yaliyopita hayapo tena na yajayo hayajawapo. Kilichopo ni roho ya mtu ikikumbuka, ikiangalia, na ikitazamia, yote matatu kwa mara moja. Basi mtu aliyeketi na mwenziwe akakumbuka naye mambo ya mama yao, huyo hakuikimbia sasa. Ameipanua mpaka mama yao naye akapata mahali pa kukaa.

Jambo hili sikulijua kwa kusoma. Nililijua kwa kulikosa.

Ninaye dada yangu mkubwa, aliyenilea mama yetu alipokuwa mgonjwa. Tangu utotoni huniita Kichuguu. Mama naye aliniita hivyo, na sikujua kwa nini. Nilipouliza, wote wawili walicheka tu. Miaka miwili iliyopita dada alikuja kunitembelea kutoka kijijini, na kapu la machungwa mkononi. Tuliketi barazani alasiri nzima. Akaniambia, "Kichuguu, leo nimekumbuka njiani kisa cha jina lako. Nitakuambia." Nikamwambia, "Ngoja kidogo, Dada." Maana katika kundi letu la WhatsApp la walimu wastaafu kulikuwa na mabishano makali juu ya kikokotoo cha mafao, na mtu mmoja alikuwa ameandika hesabu isiyo sawa. Mimi nilifundisha hesabu miaka 39. Nilimsahihisha. Akanijibu. Nikamjibu. Dada alimenya machungwa mawili akala, akanisogezea moja. Alisema, "Endelea tu, mdogo wangu, mimi napumzika." Jua lilipoinama akaliwahi gari la kurudi. Nilimsindikiza hadi barabarani, simu ikilia mfukoni.

Baada ya majuma sita alipatwa na kiharusi. Yu hai, namshukuru Mungu, lakini mkono wa kulia hauna nguvu na maneno hayatoki.

Na yule niliyebishana naye hesabu hata uso wake siukumbuki vizuri.

Mwaka uliopita, siku ya Kipaimara, niliketi safu ya tatu. Askofu aliwawekea watoto mikono mmoja mmoja. Mikono mingine mingi nayo ilikuwa juu, yote imeshika simu. Binti mmoja mdogo aliposimama kutoka kupiga magoti, aligeuka kumtafuta mama yake kwa macho, kama watoto wafanyavyo wakitaka kujua kama wameonekana. Mama alikuwapo, tena mbele kabisa. Lakini palipokuwa na uso wake palikuwa na simu. Mtoto aliitazama kidogo, kisha akaenda kuketi. Simlaumu mama yule. Alitaka kuitunza siku ile, na labda kuituma kwa baba aliye mbali. Mimi mwenyewe simu yangu huniambia kila juma kuwa imejaa, nami nina picha za ubatizo wa wajukuu ambazo sijapata kuzitazama hata mara moja. Wana wa Israeli waliambiwa waokote mana ya siku moja tu, na wale walioweka ya kesho waliikuta ina mabuu. Kweli, kabla ya Sabato waliruhusiwa kuweka ya siku mbili, wala haikuoza. Iko akiba inayofaa. Ila kwa hesabu yangu sisi twaweka ya juma zima kila siku, na kula hatuli.

Nisije nikaonekana naikashifu simu bila haki. Baba yangu alifariki mwaka 1986. Barua ya kuniarifu ilikaa njiani siku tisa, na nilipofika kijijini nilikuta matanga yamekwisha na watu wametawanyika. Kama siku zile pangalikuwa na simu ningalimzika baba yangu. Kila mwisho wa mwezi binti yangu aliye Mwanza hunitumia fedha za dawa kwa simu, na jioni wajukuu hunionyesha meno yao yaliyong'oka. Hayo ni mema, nami nayapokea kama mema.

Lakini tazameni. Miezi michache iliyopita jirani yetu mmoja alifiwa na mke. Katika kundi la mtaa palikuja pole zaidi ya themanini, na vile vikaragosi vya mikono iliyofumbwa kama ya mtu anayesali. Usiku wa pili, kwenye mkeka nyumbani kwake, tulikuwa watu saba. Nilimwuliza mmoja wa vijana kwa nini hakufika. Akanijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, mbona niliandika?" Hakuwa akinidanganya. Aliamini kuwa alikuwapo.

Hapa najua wako watakaoniuliza: Je, Mwalimu, hilo fundisho lako la kuridhika si la kuwanyamazisha maskini? Swali hilo naliheshimu, maana mimi nilinyamazishwa kwalo. Miaka ya tisini mishahara yetu ilichelewa miezi, na afisa mmoja alikuja shuleni akatuhubiri kuwa ualimu ni wito na mtumishi mwema huridhika na kidogo. Alikuja kwa gari, akaondoka kwa gari. Sikuridhika siku ile, na hata leo sioni kama nilikosea. Mtu mwenye njaa akiambiwa aridhike, aliyemwambia ndiye mwenye dhambi. Mtume Paulo alipowaandikia Wafilipi kuwa amejua kuishi katika hali yo yote, yeye mwenyewe alikuwa kifungoni; alisema juu ya nafsi yake, hakuwa mlinzi wa gereza akiwahubiri wafungwa. Nadhani hapo ndipo pa kupimia. Kuridhika naweza kujidai mimi, siwezi kumdai jirani. Nami nimewaona walimu wenzangu waliodai haki zao miaka mingi bila kuchoka, na jioni wakarudi nyumbani wakala ugali wao na kucheka na watoto wao. Wengine walidai haki hizo hizo huku nyumbani hawana neno jema kwa mtu. Haki ilipopatikana, hao wa pili hawakuiona. Walikwisha kutazama kingine.

Paulo alisema pia kuwa jambo hilo alijifunza. Neno hilo hunifariji sana mimi mwalimu. Lililojifunzwa lina darasa la kwanza, lina makosa ya wino mwekundu, na lina kurudia darasa. Mimi nilijiwekea sheria kuwa baada ya chakula cha jioni simu ilale katika kabati la vyombo. Siku ya tatu nilinyanyuka usiku "kunywa maji". Mke wangu aliniuliza kama maji siku hizi yawekwa pamoja na sahani.

Sasa nirudi kwa yule mama. Nilimwendea dukani nikamweleza haya yote, nikiwa nimejiandaa vizuri. Nikamshauri kuwa ile nusu saa ya usiku aitumie kwa jambo lililo karibu naye. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema, "Mwalimu, naamka saa kumi na moja alfajiri. Hiyo nusu saa ndiyo pekee iliyo yangu. Watoto wamelala, vyombo vimeoshwa, hakuna anayeniita. Nikiiweka simu, nishike nini?"

Nilikosa neno. Mimi miaka yangu yote nilipokuwa nikipumzika palikuwa na mtu aliyenipikia chai, wala sikupata kuhesabu nusu saa zake. Ni rahisi mwanamume mstaafu kuandika juu ya kuridhika. Nikamwuliza baba watoto huwa wapi wakati huo. Akasema yuko dukani anafunga hesabu. Kwa idhini yake nikamwuliza na yule bwana, ambaye pia nilimfundisha. Alijikuna kichwa. Hesabu humchukua dakika kumi, alisema. Zilizobaki huwa anaperuzi kidogo, maana hapendi kumsumbua mkewe aliyechoka.

Basi fikirini, ndugu zangu. Ukuta mmoja katikati, huku mke na huku mume, kila mmoja ameshika simu yake gizani akiwatazama watu wengine walioketi pamoja. Sikuwahubiri. Niliwaambia tu kila mmoja alichosema mwenziwe, jambo ambalo mwalimu hatakiwi kulifanya, nikaenda zangu. Siku hizi nasikia hesabu zinafungwa sebuleni, na mama ndiye anayesoma daftari. Simu bado wanazitazama. Aliniambia juzi, "Lakini sasa ninaye wa kumwonyesha, tukacheka." Kama ameridhika sikumwuliza.

Nami kila Jumatano na Jumamosi napanda bodaboda kwenda kwa dada yangu. Simu naizima nilipofika njia panda, maana nimejijua. Namwekea kiti nje penye kivuli, namenya machungwa kwa namna aliyotufundisha mama, ganda lisikatike, naye huyala polepole. Huwa namsimulia mambo ya zamani ninayoyakumbuka, nikikosea hutikisa kichwa, nikipatia hufumba macho. Kisa cha jina langu nimejaribu kukibahatisha mara nyingi. Nilianguka kutoka juu ya kichuguu? Akatikisa kichwa. Nilikula udongo wake? Akatikisa kichwa. Jumamosi iliyopita aliinua mkono wa kushoto, akakionyesha kichuguu kilicho nyuma ya jiko, kisha akanionyesha mimi, akaanza kucheka mpaka machozi yakamtoka, nami nikacheka pamoja naye, na watoto wa jirani wakaja kutazama wazee hawa wana nini.